Utambi wa karabai na mionzi: maswali ninayoulizwa kila siku

Mwanafunzi wangu wa zamani alinitembelea nyumbani Majengo, Mombasa, akiwa na kipima mionzi mfukoni. Kwa mzaha akakisogeza kwenye kopo la tambi za karabai alizoacha marehemu mjomba. Kikaanza kulia tatatata kama bisi kwenye sufuria. Wajukuu wakapiga mbio, jirani akachungulia, na kabla ya adhana ya magharibi mtaa mzima ulishajua kwamba kwa mwalimu kuna nyuklia.

Tangu hapo sina raha. Naulizwa barazani, naulizwa nikitoka msikitini, napigiwa simu na watu wa Likoni na Kongowea nisiowajua. Nilifundisha fizikia miaka mingi, na utoto wangu ulipita kwenye kibanda cha mjomba karibu na Marikiti, nikimshikia bisibisi huku akitengeneza karabai za watu. Basi nimeona niandike majibu mara moja, nipumzike. Na tambi ninazozisema si zile za sukari na iliki za asubuhi ya Idi. Hilo nalo nimeshaulizwa.

Ni kweli utambi wa karabai una mionzi?

Tambi nyingi za zamani, na baadhi ya zinazouzwa hadi leo, ndiyo. Ule mfuko mweupe wa nyuzi unaofungwa kwenye shingo ya kichomeo huloweshwa kiwandani katika chumvi ya thoriamu, metali nzito yenye mionzi ya asili. Tangi, pampu, kioo na kofia ya karabai havina neno. Chemli na koroboi hazihusiki kabisa, maana utambi wake ni pamba tupu. Zile taa za kambi zinazokaa juu ya mtungi mdogo wa gesi zinahusika, kwa kuwa nazo hutumia mfuko wa aina ileile. Taa za sola na za betri hazimo.

Kwa hiyo ule mwanga mkali unatokana na nyuklia?

La, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mionzi haina kazi yoyote katika mwanga wa karabai. Ingewezekana kuiondoa yote, taa ingewaka vilevile.

Ukipiga pampu, hewa inayasukuma mafuta yapande kwenye bomba la moto. Yakifika huko yanageuka mvuke, yanachanganyika na hewa, na yanawaka kwa ndimi za buluu zenye joto kali lakini mwanga haba. Utambi ndio unaogeuza joto hilo kuwa nuru. Nyuzi zenyewe huungua zote mara ya kwanza unapowasha. Kinachobaki kikining'inia ni kiunzi cha majivu, yaani oksidi ya thoriamu, ambayo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 3,300 za Selsiasi. Hakuna oksidi nyingine inayofika huko. Ndani yake kuna seriamu kidogo, asilimia 1 hivi, na hiyo ndiyo inayoleta weupe ule unaoumiza macho.

Aliyebuni hayo ni mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach. Utambi wake wa kwanza, wa mwaka 1885, haukuwa na mchanganyiko huu. Ulitoa mwanga wa kijani ambao watu waliukataa, na ukimwazia bibi harusi chini ya taa ya kijani utawaelewa. Mwaka 1891 akaja na thoriamu 99 kwa seriamu 1, na biashara ikapaa. Wakati huo hakuna mtu duniani aliyejua kwamba thoriamu ina mionzi. Jambo hilo lilibainika mwaka 1898, likagunduliwa na watu wawili kila mmoja kivyake: Gerhard Schmidt huko Ujerumani na Marie Curie huko Paris. Kufikia hapo tambi zilishajaa kwenye taa za mitaa ya Ulaya. Welsbach aliitaka thoriamu kwa uvumilivu wake wa moto tu; mionzi ilikuja kama mgeni aliyefuatana na mwalikwa.

Thoriamu hutolewa wapi?

Mchangani, pwani kama hii yetu. Kuna madini yanayoitwa monaziti, punje za rangi ya asali iliyoiva, ambazo mawimbi huzikusanya ufukweni pamoja na mchanga mweusi. Tambi za kwanza zilitegemea sana mchanga wa Brazil. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20 mkemia wa Kijerumani, Schomberg, akaziona punje hizo zimenasa kwenye kamba za makumbi zilizotoka Travancore, ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika jimbo la Kerala, India. Akaufuata mchanga hadi kwao. Hadithi hii naipenda kuliko zote, kwa sababu sisi tumesokota makumbi karne na karne na hatukuwahi kuutazama mchanga uliobaki mkononi.

Nasi thoriamu tunayo. Kilima cha Mrima, kule Kwale, msitu wa kaya wa Wadigo, kinajulikana na wanajiolojia kwa udongo wenye thoriamu na madini adimu, na vipimo vya mionzi pale ni vya juu kuliko vya kawaida. Watu wameishi jirani na kilima hicho vizazi na vizazi. Anayeniuliza kama nyumba yangu itahamishwa kwa sababu ya kopo moja la tambi, namwambia aanze na Mrima.

Mionzi yenyewe ni mingi kiasi gani?

Gramu moja ya thoriamu hupasuka mara 4,000 hivi kwa sekunde, na kila mpasuko mmoja kwa sekunde huitwa bekereli. Utambi mmoja huwa na kama robo gramu, kwa hiyo bekereli 1,000 hivi za thoriamu yenyewe, bila kuhesabu vizazi vyake nitakavyovitaja chini. Mwili wa mtu mzima una bekereli kama 4,000 kutokana na potasiamu yake peke yake. Ndizi moja ina 15 hivi.

Hesabu ya ndizi inafurahisha watoto, lakini usiitie maanani sana. Potasiamu mwili huitumia na kuitoa, na mionzi yake ni myepesi. Thoriamu hurusha chembe za alfa, nzito na zenye nguvu, na ikishaingia ndani haina haraka ya kutoka. Kulinganisha bekereli na bekereli ni kama kuhesabu mawe bila kuuliza yapi ni kokoto na yapi ni matofali.

Kipimo cha maana zaidi ni milisiveti, kinachohesabu athari kwa mwili. Kwa wastani wa dunia, kila mtu hupata kama 2.4 kwa mwaka kutokana na ardhi, anga, chakula na hewa anayovuta. Kikomo kinachokubalika kimataifa kwa mwananchi, juu ya hizo za asili, ni 1 kwa mwaka. Mtu anayepiga kambi wikendi kadhaa na taa ya thoriamu hupata sehemu ndogo sana ya hiyo moja.

Kama ni kidogo hivyo, mbona watu wanaonywa?

Kwa sababu swali la thoriamu ni "iko wapi", kabla hujauliza "ni ngapi". Ikiwa nje ya mwili, chembe ya alfa haipenyi karatasi, na ngozi yako inaizuia bila wewe kujua. Ikiwa ndani ya mapafu au ini, chembe ileile inapiga seli jirani kwa nguvu zake zote, na haina pa kwenda.

Hili halikujulikana kwa kukisia. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950 madaktari wa nchi kadhaa waliwadunga wagonjwa dawa iliyoitwa Thorotrast ili mishipa ionekane vizuri kwenye picha za eksirei. Ilikuwa oksidi ya thoriamu, kitu kilekile cha utambi. Picha zilitoka nzuri sana. Dawa ikabaki kwenye ini na wengu maisha yote, na miaka mingi baadaye saratani ya ini ikaanza kuwapata wengi kupita kiasi. Walidungwa kiasi kikubwa, moja kwa moja kwenye damu. Wewe na karabai yako hamko huko. Lakini imetufundisha njia ya kuiogopa thoriamu: ogopa vumbi lake, usiogope nuru yake.

Na utambi uliokwisha kuwashwa ni vumbi linalosubiri kuguswa. Ukiugonga tu, unaanguka kama jivu la udi.

Nifungeje na kuwasha utambi mpya?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo swali ambalo jibu lake linabadilisha kitu.

Mjomba alikuwa na mtindo wake: utambi mdomoni, kamba mkononi, karabai katikati ya magoti. Akishafunga aliuwasha palepale kibandani, akainama kuutazama unavyosinyaa, na ule wa zamani aliupuliza utoke kwenye kichomeo. Fuu! Majivu yakatuingia machoni sote. Kila jambo katika hayo usilifanye.

Fanyia kazi hiyo nje, upande ambao upepo unakutoka mgongoni. Utambi wa zamani usiupulize. Lowesha kitambaa au karatasi ya chooni, uubane nao taratibu, uutie kwenye mfuko wa nailoni na ufunge fundo. Futa kichomeo na sahani ya chini kwa kitambaa kibichi kingine, nacho kiingie mfuko huohuo. Funga utambi mpya, nyoosha mikunjo yake. Tia spiriti kwenye kikombe chake, iwashe, kisha rudi nyuma hatua kadhaa hadi utambi uungue wote na kuwa mweupe. Moshi wa mwanzo ndio usiouvuta hata kidogo: joto hilo la kwanza hufukuza baadhi ya vizazi vya thoriamu, na katika tambi nyingi za zamani kulikuwa pia na beriliamu, metali ambayo haina mionzi lakini ni sumu ya mapafu kwelikweli. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika mahamri.

Baada ya hapo taa ikiwaka kawaida, utambi haurushi thoriamu hewani kwa kiasi cha kukusumbua.

Utambi ukitoboka, naweza kuendelea nao?

Usiendelee. Mionzi haijabadilika, ila moto unatoka kwenye tundu kama mshale, unapiga kioo mahali pamoja, na kioo kinapasuka. Nimeona mara nyingi.

Tambi zangu zina miaka arobaini. Si zimeshapoteza nguvu?

Kinyume chake! Thoriamu hupungua nusu kila baada ya miaka bilioni 14, muda unaozidi umri wa dunia mara tatu, kwa hiyo miaka arobaini haijaigusa. Ila thoriamu ikipasuka haigeuki madini ya risasi mara moja. Hupitia ukoo mrefu wa vizazi, miongoni mwao radiamu, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 5.75, na gesi ya thoroni, ambayo nusu yake huisha ndani ya dakika moja. Kiwandani thoriamu husafishwa, na radiamu hiyo huondolewa. Utambi ukikaa kwenye kopo, ukoo unazaliwa upya polepole. Ndiyo maana zile za mjomba zilikiliza kipima kuliko mpya ya wiki jana.

Hazijawa bomu. Zimerudi kwenye hali ambayo ingekuwapo mchangani.

Mke wangu ni mjamzito. Tuiondoe karabai nyumbani?

Kwa kukaa chumba kimoja na karabai inayowaka, dirisha likiwa wazi, thoriamu si sababu ya kuiondoa. Kubadilisha utambi mwachie mwingine, na kopo la akiba lisikae chini ya kitanda. Moshi wa mafuta ya taa ndio ninaouona mbaya kwake na kwa mtoto. Kama mna uwezo wa taa ya sola, iondoeni kwa sababu hiyo.

Mtoto ameuchezea utambi na kuutia mdomoni. Nifanye nini?

Mama aliyeniuliza hili alikuwa akitetemeka, kwa hiyo nijibu taratibu. Mtoe vipande mdomoni, msukutue, mnawishe mikono na uso, mbadilishe nguo. Thoriamu iliyomezwa karibu yote hupita na choo. Utumbo huipokea kidogo mno. Usimtapishe. Akiwa anakohoa au amevuta majivu, au hutulii, mpeleke kituo cha afya na ubebe pakiti ya utambi wakaione. Kisha nunua kopo lenye kifuniko.

Sisi wavuvi wa usiku tunaning'iniza karabai juu ya maji kwa ajili ya ngisi. Samaki wetu wana mionzi?

Hapana. Samaki aliyemulikwa hawi na mionzi, kama vile ukuta uliomulikwa na tochi haubaki unang'aa. Chombo kiko wazi na upepo upo, kwa hiyo wavuvi wako salama kuliko fundi wa mjini anayekaa kibandani. Neno langu kwenu ni moja: utambi ukivunjika baharini kwa kuyumba, msiukung'ute ndani ya mtumbwi penye samaki na sufuria ya ugali. Hilo linawahusu pia wauza viazi karai na mbaazi wanaoning'iniza taa juu ya karai. Isogeze pembeni. Jivu likidondoka kwenye mbaazi hakuna atakayelijua, na hilo ndilo baya lake.

Nitajuaje utambi wangu una thoriamu?

Kwa macho hutajua. Soma pakiti: nyingine zimeandikwa wazi kwamba hazina thoriamu, au zimetajwa itriamu, metali iliyoanza kuchukua nafasi yake katika tambi za Marekani miaka ya 1990. Pakiti isiyosema lolote, ichukulie kuwa ina thoriamu. Mafundi wenye jicho husema utambi wa itriamu una mwanga wa manjano kidogo na huvunjika upesi. Nami naona hivyo, lakini usiufanye huo kuwa ushahidi.

Kipima mionzi kikisogezwa karibu hutoa jibu papo hapo. Zamani tulitumia filamu ya kamera: unaweka utambi juu ya filamu ndani ya giza, unauacha siku kadhaa, ukiisafisha unakuta picha ya utambi imejichora yenyewe, nyuzi kwa nyuzi. Somo zuri la darasani, kama bado unapata filamu.

Utambi uliokwisha nitupe wapi?

Katika mfuko uliofungwa, kwenye taka za kawaida za nyumbani, mmoja mmoja. Usiuchome pamoja na takataka uani kama tulivyozoea, maana moto hauui thoriamu. Utambi umekwisha pitia moto mkali kuliko wa jaa. Usiuzike bustanini penye mchicha.

Tunakwenda kupiga kambi Shimba Hills. Naweza kuwasha taa ndani ya hema?

Usiwashe. Na sababu si thoriamu.

Nimeulizwa mara nyingi juu ya mionzi, na ni nadra kuulizwa juu ya hewa. Taa ya gesi au ya mafuta ikiwaka mahali palipozibwa hula oksijeni na kutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo damu huipokea haraka kuliko inavyopokea oksijeni. Kwanza kichwa kinauma, kisha kichefuchefu, kisha usingizi mzuri, na katika usingizi huo mtu hufa. Watu hulala hivyo hata Mombasa, mvua ya masika ikinyesha na stima ikipotea: madirisha yanafungwa, karabai au jiko la makaa linaachwa ndani. Thoriamu ya utambi huo ingehitaji miaka isiyo na idadi kumfanyia mtu lile ambalo hewa hiyo hulifanya kabla ya alfajiri.

Hemani tumia taa ya betri. Karabai iwe nje, juu ya kitu imara, mbali na turubai. Mkirudi, mfunge taa isigongwe njiani, na utambi uliowashwa muutoe kwa kitambaa kibichi kabla ya kuupakia mzigo, la sivyo mtakuta jivu lake kwenye nguo zote.

Mafuta je? Taa ya jirani ililipuka.

Karabai haikuundwa kwa petroli. Mafuta ya taa safi hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Changanya kidogo tu, tia kwenye tangi lenye mgandamizo, pasha kwa spiriti, halafu inama upige pampu. Nunua mahali unapopaamini, na mafuta yakinuka petroli yarudishe. Usiongeze mafuta taa ikiwa moto. Sisemi zaidi, aliyeungua anajua.

Kuna mtu anatafuta karabai kuukuu, anasema zina madini ya mamilioni. Nimuuzie?

Ah, huyu! Amefika kwangu pia, na kaka yake wa "zebaki nyekundu". Mwaka 2009 kule Saudia ulivuma uvumi kwamba cherehani za zamani za Singer zina zebaki nyekundu, watu wakazinunua kwa bei za kustaajabisha. Hakuna aliyeipata, kwa sababu kitu hicho hakipo. Sasa zamu ya karabai. Ukikusanya tambi 1,000, una robo kilo ya thoriamu, na thoriamu si dhahabu: wachimbaji wengi huiona kero inayofuatana na madini mengine wanayoyataka. Anayekuahidi mamilioni ataanza kwa kukuomba "ada ya kupima". Karabai nzuri ya shaba ina bei yake kama pambo. Iuze kwa bei hiyo.

Mwanangu anasema mtu anaweza kutengeneza mtambo wa nyuklia kwa tambi. Kweli?

Amesoma habari za kijana wa skauti wa Michigan, Marekani. Mwaka 1994, akiwa na miaka 17, alikusanya tambi nyingi mno, akazichoma, akajaribu kuisafisha thoriamu kwa lithiamu ya betri kwenye kibanda cha uani kwa mama yake. Mtambo hakuupata. Alichopata ni kibanda kilichojaa vumbi la mionzi, na mwaka 1995 serikali ikaja na wafanyakazi waliovaa mavazi ya kinga, wakakivunja na kukizika kama taka. Mwambie mwanao nimesema utambi mmoja kwenye taa na majivu ya mamia ya tambi kwenye sufuria ni vitu viwili.

Vitu gani vingine vya nyumbani au kazini vina mionzi?

Saa za zamani zenye namba zinazong'aa gizani, zile za kabla ya miaka ya 1960, huenda zina radiamu, usizifungue. Baadhi ya ving'amuzi vya moshi vya hotelini vina amerisiamu, metali yenye mionzi, kidogo ndani ya kibati, visivunjwe. Mafundi wa kuchomelea kwa gesi ya agoni wanajua vijiti vya tangsteni vyenye ncha nyekundu: hivyo vina asilimia 2 ya thoriamu. Kuvitumia si tatizo kubwa, lakini kuvinoa kwenye jiwe bila barakoa ni kuvuta lilelile vumbi nililolisema. Vipo vya lanthani badala yake.

Kwa wanunuzi wa vyuma chakavu nina neno zito zaidi. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazil, watu waliifungua mashine ya matibabu iliyoachwa kwenye kliniki iliyohama. Ndani mlikuwa na unga uliong'aa buluu gizani. Waliugawia ndugu na marafiki, watoto wakajipaka. Ulikuwa sisiamu yenye mionzi, na watu wanne walikufa. Ukikuta chuma kizito chenye alama ya mapanga matatu kama pangaboi, usikifungue. Weka watu mbali, toa taarifa polisi na kwa KNRA.

KNRA ndio nani? Na sheria inanizuia kuwa na tambi?

Ni mamlaka ya kudhibiti nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 ikachukua nafasi ya bodi ya kinga ya mionzi. Kazi yake kubwa ni hospitali, viwanda na mizigo. Kuhusu tambi za nyumbani sitaki kuwasemea. Marekani, kwa mfano, mtumiaji wa tambi za taa hahitaji leseni hata moja, ila kiwanda kinahitaji. Na kina haki ya kuhitaji: huko Camden na Gloucester City, New Jersey, palipotengenezwa tambi kwa miaka mingi, udongo wa mitaa ulikutwa na thoriamu, na serikali ililazimika kuuchimba na kuuhamisha. Aliyewashiwa taa alipata kidogo. Aliyeitengeneza, na jirani yake, ndio walioachiwa taka.

Na lile kopo la mjomba, umelitupa?

Sijalitupa. Nimelitia ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, juu ya kabati la stoo. Mwanafunzi wangu alirudi na kipima chake. Akikigusisha kwenye chupa kinalia, akirudi nyuma mita moja kinatulia kama hakuna kitu. Wajukuu walimlazimisha arudie mara sita. Karabai yake naiwasha bado, stima ikipotea, barazani, kwa utambi wa itriamu. Mwanga wake una manjano. Mjomba angeutazama, angesonya, na angeniuliza nani kaniuzia.